Mfuta Ubao

Majibu yalikuja wiki moja, Kageha.
Ya chuo cha umma kwa simu, maneno machache na namba ndefu.
Ya chuo binafsi kwa bahasha nzito, karatasi laini
kama kitambaa cha siku ya ubatizo.
Mama yako aliiweka chini ya kopo la chumvi
isipeperuke.

Chuo cha bahasha mimi nakijua.
Miaka kumi na minne naingia alfajiri
kwa mlango wa nyuma, na ndoo yangu ya bluu.
Nakijua kwa sakafu.
Najua kiti kinacholia chumba cha nane,
najua mhadhiri mwenye herufi ndogo kama siafu
na yule anayegandamiza kalamu kana kwamba ana ugomvi na ukuta.
Wanafunzi thelathini, kila mmoja huitwa jina lake.
Mtoto wa mfanyakazi, walisema, atalipa nusu.
Nusu!
Nikarudi Kangemi kwa miguu siku hiyo, nikipiga hesabu:
nusu ya mlima bado ni kupanda.

Na kule mjini?
Ukumbi wa watu mia tisa, wengine wamesimama,
mhadhiri ni sauti tu, na spika inakoroma.
Mgomo huingia bila hodi.
Agoi wa nyumba ya pili alianza shahada ya miaka minne,
akaimaliza kwa sita;
ndevu zake zilifuzu kabla yake.

Mjomba wako Lugalia alisema,
"Jina la chuo ni kama jina la ukoo, haliulizwi bei."
Mama yako akamjibu, "Na karo je, nayo ni ya ukoo?"
Mimi nikanyamaza.
Nilikuwa na neno moja, nikalitafuna hadi likawa makapi:
kwamba siku moja utapita ukumbini na wenzako,
viatu vyenu vikiacha alama kwenye sakafu mbichi,
nami nimeinama.
Utanisalimuje?
Fomu ilikuwa na maswali arobaini. Hilo halikuwemo.

Ukaenda peke yako, kote kuwili, bila kuaga.
Ulirudi jioni, ukala, ukanawa, ndipo ukasema:
"Mjini nilisikilizia dirishani.
Kijana nisiyemjua alinisogezea nafasi ya mguu mmoja.
Somo nililipata nusu.
Kwako nilikaa kiti cha mbele.
Kimya, hadi nikasikia tumbo langu.
Na ubaoni kulikuwa na mlinganyo hafifu,
kana kwamba umeandikwa kwa pumzi.
Baba, hukufuta vizuri."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sikukwambia siku ile, nakwambia leo:
mlinganyo ule huwa nauacha.
Kila Alhamisi napitisha kitambaa juu juu.
Mtu aliyeandika kitu kirefu namna ile,
nadhani angependa kibaki kidogo.

Ukachagua mjini.
"Huku," ulisema, "ningekuwa binti yako tangu getini.
Nataka kwanza nipotee katika mia tisa,
nione kama nitajiokota."
Maneno hayo yalinichoma, sikufichi.
Nikayapuliza kama chai, nikayanywa.

Wiki ya sita, mgomo.
Sasa uko hapa mezani, daftari la kuazima mbele yako,
kopo la chumvi limeshikilia ukurasa.
Hulalamiki. Nakujua; unahesabu siku kwa vidole vya mguu
nisione.

Basi shika hii.
Ni risiti ya sabuni, geuza nyuma.
Leo, kabla sijagusa ubao, niliweka ndoo chini
nikanakili yote, mstari kwa mstari,
hata ule mkia wa mwisho unaofanana na ndoano.
Sijui ni wa nini.
Mwandiko wangu mbaya, lakini sijaruka kitu.